TAHADHARI: Kokoto za "20" zilizojaa vumbi tumboni

Wadau mnaojenga, kuweni macho. Nimeliwa juzi, tena mchana kweupe.

Niliagiza lori la kokoto za milimita 20. Lilipofika nikachungulia juu: safi, zinapendeza. Nikalipa hapo hapo (kosa langu hilo). Kumbe zile za juu ni chambo. Lori lilipomwaga, chini likatoka vumbi tupu, na humo ndani mawe ya ukubwa wa ngumi. Eti muuzaji: "Huo ndio mchanganyiko mzuri, zege linashika."

Hakuna kitu kama hicho. Ukisema kokoto za 20, maana yake karibu zote zinapita kwenye chekeche la matundu ya milimita 20, na zinabaki juu ya lile la 5. Kinachopita kwenye 5 kinahesabiwa mchanga, hata kama kimetoka kwenye jiwe lile lile. Vipo viwango vya ujenzi vinavyoweka mpaka huo kwenye milimita 4.75 au 4, lakini hakuna kinachoita unga kokoto.

Fundi hakubishana naye. Alichota konzi moja, akaisugua, akanionyesha viganja: vyeupe kama katoka kusaga nafaka. Vumbi hilo likiganda kwenye kokoto, saruji inashika vumbi badala ya jiwe. Tena linakunywa maji. Mnaongeza maji ili zege lilainike, na nguvu ndiyo inaondoka. Kisha akaokota jiwe moja akalipitisha katikati ya nondo za nguzo. Likakwama. Likikwama hivyo wakati wa kumwaga, chini yake panabaki tundu, na nondo inaanza kula kutu humo.

Jiwe kubwa kuliko yote lisizidi robo tatu ya nafasi kati ya nondo na nondo, wala theluthi ya unene wa slabu. Slabu ya milimita 100 basi haiwezi kubeba kokoto za 40. Hizo zina kazi yake kwenye misingi minene, ila uziagize mwenyewe, usibambikwe.

Kabla lori halijainua bodi, panda na koleo, chimba hadi katikati na pembeni. Akikukataza, mwambie ageuze. Hela itoke mwisho.

Mimi nimechekecha siku mbili. Zilizofaa hazikufika nusu ya lori. Zilizobaki nimefukia mashimo ya njia, na simu yake haipokelewi.