Uzoefu wangu: Safari ya Kisite waliniuzia kwa pomboo, Wasini ndiyo iliyonilipa

Nianze na bei, maana Wanairobi hatuulizani kingine kwanza. Kampuni iliyotuchukua, ambayo sitaitaja, ilitutoza shilingi 6,500 kila mtu kwa safari ya siku nzima hadi Kisite, hifadhi ya bahari huko Pwani ya Kusini ya Kenya: gari la kututoa Diani hadi Shimoni, jahazi, vifaa vya kuogelea na chakula cha mchana kisiwani Wasini. Ada ya hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iko kando, na hulipwa mtandaoni kwa eCitizen, si taslimu. Lipa kabla hujatoka hotelini. Mtandao pale gatini ulikuwa wa kubahatisha, na kuna familia tuliyoiacha imeinua simu juu sisi tumeshaketi chomboni.

Kufika huko si shida kama zamani. Treni ya moja kwa moja kutoka Syokimau hadi Miritini, Mombasa, ni saa tano na kitu, na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokuingiza Pwani ya Kusini bila kuonana na feri ya Likoni. Nilikuwa na mama mdogo kutoka Umoja, ambaye Likoni anaikumbuka kwa foleni na jasho. Alikataa katakata kwamba tumeshavuka, mpaka alipoona kibao cha Ukunda.

Sasa jahazi. Tangazo lilisema tutasafiri kwa tanga. Tanga lilikuwepo, ndiyo, limekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Tulikwenda kwa injini kutoka Shimoni hadi Kisite, na jioni likapandishwa kwa dakika chache, watu wapige picha. Kama wangesema ukweli mapema nisingejali. Miwani ya maji nayo ilivuja, na mrija niliopewa ulikuwa na alama za meno ya mtu mwingine. Nunueni wenu Nairobi.

Lakini nahodha! Kama naweza kumpa nyota yeye peke yake, namwachia zote. Mama mdogo hajui kuogelea, na alipokanyaga ubao wa kupandia alikuwa amebadilika rangi.

"Shikamoo mama. Wewe keti hapa katikati karibu na mlingoti, huko mbele panarusha."

Akamfunga jaketi la kuokolea mwenyewe, akavuta kila ukanda, akaingiza vidole viwili kifuani kuhakikisha limekaza. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa kila abiria, hata kijana wa Kileleshwa aliyekuwa akisema yeye ni bingwa wa kuogelea.

Pomboo tuliwapata kabla ya saa nne. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mabaharia. Mashua tatu za watalii ziliwakimbilia kutoka pande zote, kama matatu zinazogombania abiria wa mwisho pale Railways, na pomboo wakazama. Nahodha wetu alipunguza mwendo, akakaa pembeni, akazima injini. Watu wakaanza kunung'unika. Baadaye kidogo wakaibuka wanne ubavuni mwetu, mmoja na mtoto wake, karibu kiasi cha kusikia pumzi ikitoka utosini. Ukichagua kampuni, uliza tu kama nahodha hufukuza pomboo. Wakikuahidi kwamba lazima utawaona kwa karibu, tafuta wengine.

Kwenye mwamba wa Kisite maji yalikuwa maangavu, tukaona kasa na samaki wa rangi zote. Hairuhusiwi kusimama juu ya matumbawe, na kiongozi wetu alikuwa mkali kwa hilo. Alituonyesha mahali palipojaa vipande vyeupe vilivyokufa, akatukumbusha kwamba bahari ilipopata joto mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Yanarudi, ila polepole mno. Vaa fulana ya mikono mirefu. Nilichomeka mgongo kwa kuelea kifudifudi.

Halafu Wasini, ambayo kwenye tangazo ilipewa mstari mmoja tu: "chakula cha mchana". Chakula chenyewe, wali wa nazi na kaa wa tangawizi unayempasua kwa kigongo, kilichelewa lakini kilistahili. Kisiwani hakuna gari hata moja. Njia ni za miguu, kati ya nyumba za mawe ya matumbawe, na kwa miaka mingi watu wametegemea maji ya mvua, kwa hiyo usichezee maji bafuni.

Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, majabali makavu yaliyotoboka-toboka, na njia ya mbao inayosimamiwa na kina mama wa kijiji. Unalipa kiingilio kidogo, nao ndio wanaokutembeza. Dada aliyetuongoza alisalimiana na bibi mmoja kwa Kivumba, lahaja ya Kiswahili ya huko, mimi nikaambulia nusu. Akaokota tunda la mkoko, refu na limechongoka, akaliachia kutoka kiunoni: likajichoma topeni likasimama wima. Ndivyo mti unavyojipanda maji yakiwa yamekupwa. Mama mdogo, ambaye baharini hakusema neno, aliuliza maswali mpaka kampuni ikatuma mtu kutuita.

Dakika arobaini kwa kisiwa kizima ni wizi. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, kuliko tanga na miwani.

Nendeni majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi likivuma bahari huchafuka na maji huwa na ukungu. Mwenye kichefuchefu anywe dawa kabla ya kupanda. Mimi nikirudi nitalala Shimoni, nivuke Wasini asubuhi na mashua ya wenyeji, kisha ndiyo nitafute nahodha wa kunipeleka Kisite kwa bei ya kuelewana. Mama mdogo ameshasema naye yumo, mradi akae karibu na mlingoti.