Brauza inayofungua linki yangu inakotaka yenyewe

Waliotengeneza brauza hii nadhani hawajawahi kukaa kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, mteja akiwa amesimama nyuma yao. Jina silitaji. Imejaa Nasser Road nzima, mtaa wetu wa wachapaji hapa Kampala, mnaijua.

Mimi kazi yangu ni kupanga kadi. Sampuli ziko kwenye seva, nami huzifungua kwa amri moja: xdg-open, ile ya Linux inayopeleka linki kwenye brauza ya chaguo-msingi, halafu linki. Juzi kati mama mmoja kaja kuona kadi za kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya binti yake, mkoba kwapani, haraka zote usoni. Nikabonyeza Enter. Terminali ikasema linki imefunguliwa kwenye kikao kilichopo. Kipo wapi? Kwenye skrini hakuna kitu. Nikarudia. Kimya. Nikarudia tena.

"Ssebo, kama MB zimeisha si useme," akaniambia, kwa sauti ya kusikika duka zima.

MB zilikuwepo, tena zilikuwa zinaliwa! Kadi ilikuwa imefunguka kila nilipobonyeza, ila kwenye dirisha la profaili yangu ya nyumbani, ile ya mambo yangu binafsi, nililoliacha eneokazi la pili na mambo ya mpira na bei za viatu. Nilipolileta mbele, mama akasoma vichupo vyote, kimoja kimoja, ndipo akaitazama kadi ya bintiye.

Inavyofanya kazi naijua. Brauza ikiwa tayari iko wazi, ile amri mpya haifungui lolote. Inaikabidhi linki kwa ile inayoendelea, kisha inajifia zake. Hata skripti yangu ikiuliza imeishaje, inajibiwa sifuri, yaani hakuna kosa. Inayoendelea ndiyo inayochagua mahali, na yangu ilichagua dirisha nililoligusa mwisho. Niligusa asubuhi, banange! Basi walau lijitokeze mbele nilione.

Jirani yangu wa mihuri akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe si utumie mausi kama watu?" Huyo tutaonana naye.

Haya, nisiidhulumu. Ukiiita kwa jina lake bila kupitia xdg-open, ukaongeza --new-window na --profile-directory, inatii vizuri sana. Dirisha linakuja, profaili ni ile uliyotaka, mteja anaona kadi yake. Kwa hilo naipenda kweli, na siku ile ningekuwa na muda wa kuandika yote hayo nisingeaibika. Nikatengeneza hata faili langu la .desktop, linaloiambia kompyuta brauza iitweje, lenye maneno hayo, nikaliweka kuwa chaguo-msingi kwa xdg-settings. Raha! Mpaka jioni, kila kilinki cha kutupia jicho kikawa kimejifungulia dirisha lake, na kompyuta yenyewe RAM ni ya kuombea. Nikaliondoa.

Kwa kuangalia tu kama ukurasa unafika, siku hizi natumia Lynx, brauza ya maandishi matupu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992. Inafungua humohumo kwenye terminali, na MB hazishtuki. Kadi ya harusi haiwezi kukuonyesha, lakini hujiulizi imekwenda wapi.

Hii nyingine nilikuwa nimeipa nyota tatu. Sasa hivi nimefungua risiti ya mteja, terminali inasema tayari, na mimi bado naitafuta. Wekeni mbili.