Istanbul mwezi wa kwanza, na mvua yake yote: mimi nasema nenda

Istanbul nimeenda mara nyingi sana ila nilikua siijui. Safari zangu zote ni Laleli na Merter, ukiamka unaingia maduka ya jumla, unahesabu pisi, unafunga mzigo, unapeleka kago, siku ya nne uko eapoti unarudi Kariakoo. Mwaka huu nikamaliza manunuzi mapema nikaamua kuongeza siku nne za kwangu mwenyewe, mwezi wa kwanza huo katikati ya baridi, na kila niliyemwambia akanishangaa, utatembea wapi na mvua hiyo, si usubiri mwezi wa saba. Nashukuru sikuwasikiliza.

Hali ya hewa niseme ukweli, ni baridi. Mchana nyuzi saba, nane, usiku inashuka mpaka tatu hivi, na mvua yao sio ile ya kwetu inapiga nusu saa inakatika, hii ni manyunyu siku nzima na upepo wa pembeni, mwamvuli wangu ulikunjika siku ya kwanza tu. Saa zao na zetu ni zilezile hubadilishi kitu, lakini jua linachomoza kwenye saa mbili na nusu asubuhi, unatoka hotelini saa moja unakuta giza kabisa. Koti nunua mtumba Ilala kabla hujaondoka, makoti mazito pale yanakaa tu hayana mnunuzi na ni ya maana kweli. Viatu visivyopitisha maji ndo muhimu kuliko vyote, ukilowa miguu siku imeisha.

Hoteli sitaitaja jina. Bei ilikua nusu ya ninayolipa kiangazi, ila hita ya chumbani ilikua inazimwa usiku wa manane na mapokezi wakawa wananiambia inafanya kazi. Nililala na koti usiku wa kwanza, wa pili wakanihamisha chumba. Kwa hiyo ukienda msimu huu usilipie kabla hujashika hita kwa mkono wako.

Sasa nije kwenye hamamu, yale mabafu yao ya joto ya umma, maana hii ndo imenifanya niandike. Niliingia ya Çemberlitaş, aliijenga Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa masultani, 1584 kwa amri ya Nurbanu Sultan, mama yake Sultani Murad wa tatu, na mpaka leo watu wanaoga mlemle. Unapewa kitambaa kama kikoi, unajifunga, unapita mlango halafu lile joto linakupokea usoni, na hapo umetoka nje miguu imekufa ganzi huisikii. Katikati kuna jiwe la marumaru kubwa sana linalopashwa moto kwa chini, unalala chali. Ukiangalia juu kuna kuba lenye vitundu vidogo vidogo vya vioo vinaingiza mwanga, na siku ile mvua ilikua inanyesha, mwanga unaoingia wa kijivu umepoa, na mimi nimelala pale mgongo unalegea taratibu mpaka nikahisi uchovu wa miezi unatoka. Tulikua wanawake watano tu kwenye jiwe zima.

Baadae akaja mama mmoja mtu mzima, akanimwagia maji ya moto, akavaa glavu ya kusugulia akaanza mabegani. Nongo zikawa zinajiviringa kwenye mkono, akanigusa bega akanionyesha, kisha akaendelea bila haraka. Halafu anachukua mfuko wa kitambaa, anauchovya kwenye sabuni, anaujaza hewa, akiukamua povu linashuka linakufunika lote kama pamba. Mimi nimekulia Tanga, bibi yangu alikua anasinga maharusi kwa singo na liwa, kwa hiyo mikono inayojua mwili wa mtu naitambua, na ya yule mama ilikua inajua. Nilimkumbuka bibi nikatokwa machozi palepale na maji yakawa yanayabeba. Bei yake ni ya wageni hilo nakiri, za mitaani zipo na ni rahisi zaidi, lakini ningelipa tena kesho. Na sidhani ingenigusa hivi mwezi wa saba, unatoka juani na jasho lako kwenda kutafuta jasho lingine.

Kula, panda pale msikiti wa Süleymaniye, huo nao ni wa Sinan, ulikamilika 1557. Pembeni yake kuna mstari wa vibanda vinauza kuru fasulye, yaani wali maharage! Maharage meupe yamepikwa na siagi na nyanya mpaka yamelainika, wali pembeni, pilipili ya siki, na mvuke umetanda kwenye vioo vya dirisha. Sikutegemea kwenda mbali kote huko nikafurahia wali maharage kiasi kile.

Kutoka hapo unashuka kwa miguu mpaka Vefa Bozacısı, duka la tangu 1876, kwenye kabati la kioo ukutani wametunza glasi aliyonywea Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, 1937. Wanauza boza, kinywaji chao cha msimu wa baridi, ni nafaka jamii ya ulezi imechachushwa, nzito unakula na kijiko, juu wamenyunyizia mdalasini, na watu wanaweka dengu za kukaanga. Nimeonja kijiko cha kwanza nikasema jamani hii ni togwa! Togwa nzito yenye ukali kidogo mwishoni. Imechachuka kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kuangalia hilo ujue kabla.

Kivuko cha Eminönü kwenda Kadıköy naipa alama zote. Unagonga kadi ileile ya tramu, dakika kama ishirini uko upande wa Asia wa jiji, ndani kuna joto, mtu anapita na sinia la chai ya rangi kwenye viglasi vyenye kiuno, vioo vimejaa matone na shakwe wanaruka sambamba na boti. Nimeenda na kurudi mara tatu bila kua na shida yoyote upande wa pili. Ila siku ya tatu upepo wa kusini, wanauita lodos, ulipiga vivuko vikasimama, nikapita na Marmaray, treni ya chini ya bahari iliyoanza 2013. Inafika haraka lakini huoni kitu.

Lile birika la kale la kuhifadhia maji chini ya ardhi, la mfalme Justinian, lenye nguzo 336, nalo liweke siku ya mvua kubwa, foleni yake mimi ilikua fupi, na kiangazi nimewahi kuipita kwa nje nikaiogopa.

Kwa wafanyabiashara wenzangu, mwezi huo Laleli wameshaanza kutoa mali nyepesi ya kiangazi, ndo mali yetu sisi, kwa hiyo mzigo haukusubirishi. Hamamu unaenda na tramu ya T1, kituo kina jina hilohilo la Çemberlitaş, ukishuka umefika. Nenda asubuhi katikati ya wiki, na beba kofia kavu kwenye begi maana utatoka na nywele mbichi kwenye ile baridi.