Msimu mmoja kwenye ligi ya ubao wa theluji, Minnesota: uzoefu wangu

Nianze na swali ambalo kila mtu wa nyumbani huniuliza. Ndiyo, ni mimi yuleyule mzaliwa wa Majengo, Mombasa, niliyekuwa navaa sweta mvua ya Julai ikinyesha. Na ndiyo, kila Jumanne usiku msimu wa baridi uliopita nilikuwa juu ya kilima cha theluji kusini mwa Minneapolis, miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, nangoja mwenye saa anipe ruhusa niteremke.

Aliyeniponza ni mwanangu. Alianza yeye, miaka minne iliyopita, nami nikawa mama wa kukaa kantini nikinywa chokoleti ya moto ya dola tano hadi amalize. Dola tano, maji na unga! Nikaona heri na mimi nikaanguke huko nje kuliko kuibiwa ndani. Mwaka wa kwanza nilianguka kweli. Mwaka wa tatu nikajua kukata kona pande zote mbili bila kuomba dua. Mwaka wa nne nikaona tangazo ukutani: ligi ya mbio za watu wazima, skii (vile vibao viwili vyembamba, kila mguu na chake) na mbao, wiki nane, hakuna haja ya uzoefu.

Naandika kwa sababu nilitafuta maelezo ya mambo haya kwa Kiswahili nisipate hata mstari, na Waswahili tulioko nchi za baridi si wachache. Jina la kilima sitalitaja. Nina malalamiko yangu mawili matatu, na wale watu ni majirani, tunakutana dukani.

Ukisikia kilima cha skii usifikirie Kilimanjaro. Chetu kutoka juu hadi chini labda ni jengo la ghorofa ishirini. Minnesota ni tambarare, na kilima chochote chenye mteremko wanakiwekea taa na mashine za kutengeneza theluji, wanakiita mlima. Lakini usikidharau. Buck Hill, pale Burnsville kando ya barabara kuu ya I-35, kina urefu wa kama futi 310, yaani mita 95 hivi, na ndiko Lindsey Vonn alikofundishwa utotoni na kocha Erich Sailer kabla ya kwenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki Vancouver mwaka 2010. Siri yake ni marudio. Kwenye milima mikubwa ya Colorado unakaa kwenye kiti cha kupandia dakika kumi. Hapa unashuka nusu dakika, unashika kamba, unarudi juu. Jioni moja nilihesabu mishuko ishirini na sita kabla magoti hayajagoma.

Hiyo kamba nayo ina mambo yake. Ni kamba nene inayozunguka bila kusimama, kwa kasi, nawe unaikamata kwa mikono ikuvute hadi juu. Ukiikaba ghafla inakuvua bega. Unailegeza kwanza ipite kiganjani, kisha unaikaza polepole. Glovu zangu za kwanza, nzuri za dola hamsini, zilitoboka viganja katika jioni mbili. Wazoefu huvaa juu ya glovu vifuniko vya ngozi, vile vigumu, vya bei nafuu. Laiti ningeambiwa mapema.

Sasa ligi yenyewe. Nililipa dola 180 kwa wiki nane, na tiketi ya jioni hiyo imo ndani. Kila Jumanne una mishuko miwili inayohesabiwa, mwanzo saa moja usiku. Mnapangwa timu za watu watano. Timu yetu ilikuwa na fundi bomba, walimu wawili wa shule ya msingi, kijana wa kompyuta na mimi ninayelea wazee zamu ya usiku. Nilikuwa nikimaliza mbio naingia kazini saa tano, nywele bado zina theluji.

Kilichonifanya nirudi wiki ya pili ni hesabu. Ligi yetu inatumia hendikapu, yaani asilimia ambayo muda wako umeuzidi wa bingwa, ya mtindo wa NASTAR, mpango wa mbio za watu wa kawaida ulioanza Marekani mwaka 1968. Hesabu yenyewe iko hivi. Kabla ya mashindano anashuka mtu mmoja wa kilima, mwepesi, ambaye hendikapu yake inajulikana kwa sababu ameshapimwa na walio wepesi kuliko yeye. Tuseme yeye ni 5 na ametumia sekunde 21. Basi mwenye sifuri, bingwa wa juu kabisa, angetumia sekunde 20 kwenye njia ileile, theluji ileile, usiku uleule. Wewe ukitumia 30, umezidi kwa asilimia 50, na hendikapu yako ni 50. Ndio maana mtu wa kilima kidogo cha Minnesota anaweza kujilinganisha na mtu wa Vermont ambaye hajawahi kumwona. Medali nazo hutolewa kwa kufuata umri, jinsia na chombo unachotumia, kwa hiyo mama wa miaka arobaini na kitu juu ya ubao hapimwi na kijana wa chuo juu ya skii.

Mimi nilianza na 57. Namba hiyo niliilala nayo wiki nzima.

Usiku wa kwanza lakini ulinitia aibu ambayo timu yangu hainisamehi hadi leo. Kwenye mlango wa kuanzia kuna kijiti kimelala mbele yako, usawa wa ugoko. Mguu ukikisukuma, saa inaanza kuhesabu. Mtu wa skii hana taabu. Anakaa akitazama mbele, anajisukuma kwa fimbo zake mbili, miguu inakipiga kijiti, basi. Mwenye ubao anasimama ubavu ubavu kama anayechungulia mlangoni, hana fimbo, anajirusha kwa kiuno. Nami nilikiogopa kile kijiti. Nilidhani kitanikwaa. Kwa hiyo nikajibana pembeni, nikaruka, pua ya ubao ikapita chini yake na mguu wangu ukapita kando yake, nikateremka kwa kasi ambayo sijawahi kuteremka nayo tangu niletwe duniani. Nikapita mlango wa mwisho (milango ni fimbo zenye bendera unazozizunguka njiani), nikageuka kuangalia namba ukutani. Sifuri, nukta, sifuri sifuri. Saa haikuwa hata na habari kwamba nimetoka.

Walinipa nafasi ya kurudia, nashukuru. Ila nilirudia wa mwisho, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza.

Njia ya mbio haibaki ilivyokuwa. Kila anayepita anachimba pale pale kwenye kona, na baada ya watu arobaini kila mlango una mfereji wake. Mifereji hiyo imechimbwa na skii, kwa mkondo wa skii. Ubao unataka kuanza kona mapema na kuichora kwa upana, lakini ukishaingia kwenye mfereji wa mtu mwingine huna hiari, unakwenda unakopelekwa. Kilima chetu kilikuwa kinawaanzisha watu wa skii wote kwanza, sisi wa mbao saba tukifunga mkia. Wiki baada ya wiki, mkia. Tuliomba tubadilishane zamu, tukaambiwa wataliangalia. Sidhani kama liliangaliwa. Milango yenyewe pia hupangwa na mtu wa skii, kwa hatua za skii, na mara nyingi ilibanana mno kwetu. Angalau bendera zilikuwa za pembetatu, fimbo ya upande wa ndani ikiwa fupi, ndiyo mwenye ubao anaweza kulala kwenye kona bila kupigwa kifuani.

Kona ya vidole, ile unayoegemea makali ya ubao ya upande wa vidole, naiweza. Kona ya kisigino juu ya barafu ndiyo iliyoniliza. Theluji ya kutengenezwa kwa mashine, ikishakanyagwa na kugandishwa na usiku wa digrii 18 chini ya sifuri, si theluji tena, ni sakafu ya machinjioni. Unakaa kwenye kisigino, buti laini zinapinda, makali ya ubao yanashika, yanaachia, yanashika, yanaachia, krrrrr, kama mkokoteni wa hamali kwenye changarawe. Dawa niliyopewa ni mbili. Moja ni tupa, kunoa makali kila wiki bila kukosa. Ya pili ni kuacha kukaa kama niko chooni, nikunje magoti na kifua kitazame ninakokwenda.

Aliyenipa dawa hizo ni mzee mmoja mrefu, mstaafu, ndiye pekee kati yetu mwenye buti ngumu za plastiki na ubao mwembamba mrefu wa mbio halisi. Akipita anaacha mstari mmoja tu kwenye barafu, mwembamba kama mkato wa wembe. Siku aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Kenya, akapiga kelele: "Boit!" Kumbe mwaka 1998 alikaa macho usiku kucha akitazama michezo ya Nagano, kwa kuwa ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kuwa na mbao za theluji. Lakini kilichomkaa moyoni ni Mkenya Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho kwenye skii za masafa, na bingwa Bjørn Dæhlie akabaki kumngojea mstarini amkumbatie. Basi jina langu kilimani likawa Boit. Nimejaribu kumweleza kwamba yule alikuwa mwanamume, tena wa skii, tena Mkalenjin, na mimi ni binti wa Mombasa. Hasikii.

Buti ngumu je, unazihitaji? Hapana. Anza na ulichonacho. Ukimtazama Ester Ledecká, Mcheki aliyeshinda dhahabu ya skii na ya ubao kwenye Olimpiki moja ya mwaka 2018, utatamani ununue kila kitu. Jizuie. Vitu nilivyonunua nisijute ni helmeti inayokaa juu ya mtandio mwembamba bila kuuvuta (nenda nao dukani ukaijaribu, usiagize), vikinga vya viganja na vifundo, na nta ya baridi kali, ya kupaka ubao uteleze.

Nta ni elimu yake. Kukiwa na baridi sana punje za theluji zinakuwa kali, zinakwaruza, na nta laini ya dukani haifui dafu. Unahitaji ile ngumu, unaiyeyusha kwa pasi, unaidondosha juu ya tumbo la ubao, unaitandaza, unaacha ipoe, unakwangua kwa kipande cha plastiki hadi mkono unauma, kisha brashi. Pasi isisimame mahali pamoja, itaunguza ubao. Na usitumie pasi ya nguo. Mimi niliitumia, mara moja, nikasahau, na mume wangu akaenda msikitini Ijumaa na kanzu yenye doa la mafuta mgongoni mithili ya ramani ya Zanzibar. Pasi ya nta sasa inaishi gereji.

Lalamiko la pili ni fedha. Jumanne mbili zilifutwa kwa sababu ya baridi ya hatari. Uamuzi wenyewe siupingi, hakuna mtu mwenye akili angetoka nje usiku ule. Lakini moja tu ndiyo ilifidiwa, na ya pili ikapotea na pesa zake. Ukijisajili, uliza kwanza usiku uliofutwa unafidiwaje, na wakuandikie.

Mengine yalikuwa mazuri. Matokeo yalibandikwa ukutani kabla hatujavua buti, waliosimamia milango walikuwa watu wa kujitolea wenye subira isiyo ya kawaida, na sikuwahi kukutana na jicho la "wewe umefuata nini hapa", jambo nililoliogopa kuliko barafu. Nilikuwa Mwafrika pekee Jumanne zote. Wiki ya tatu mtoto wa mtu alinikodolea macho kwenye kamba, halafu akaniuliza kama ubao wangu unauma.

Jumanne ya mwisho yule mzee alikwenda mwenyewe kwa mwenye saa wakanong'onezana, na sisi wa mbao saba tukaanzishwa kwanza. Njia laini, haijaguswa, taa zinamulika, hakuna mfereji hata mmoja. Nilikipiga kijiti kwa ugoko hadi nikahisi maumivu. Kona ya nne ya kisigino ilishika, haikutetemeka, nami nikashangaa kiasi cha kuchelewa kuingia kona ya tano. Mwenye sifuri alikadiriwa sekunde 20 usiku ule. Mimi 27.6. Hendikapu 38. Mwanangu alikuwa chini akirekodi kwa simu, na kwenye video kinachosikika ni yeye akisema, "Ma, umechelewa ya tano."

Kwa anayeweza kugeuka pande zote mbili na kusimama anapotaka, nyota nne kati ya tano. Ile ya tano wataipata siku watakapotubadilishia zamu. Kwa anayeanza kabisa, bado. Chukua masomo msimu mmoja kwanza.

Usajili wa msimu ujao unafunguliwa Oktoba na timu yetu ina pengo, fundi bomba amehamia Arizona. Mswahili yeyote wa huku anakaribishwa. Asiyejua kuteremka tutampa kazi ya kutushikia makoti pale juu, na kazi hiyo, niwaambie mapema, ndiyo yenye baridi kuliko zote.