Kitako cha bunduki: cha kulengea shabaha au cha kuingia nacho porini?

Watu humaliza pesa kwenye darubini na mtutu, kitako wakakichukulia kama kipande cha mbao tu. Kumbe ndicho kinachokutana na bega, shavu na kiganja chako. Kabla hujauliza bei, jiulize bunduki yako inashinda wapi: kiwanjani kwenye shabaha, au begani kutwa nzima?

Kwa mashindano, namba moja ni fremu ya alumini. Sehemu ya shavu inapanda na kushuka, ya begani inarefushwa, na unyevu hauivimbishi. Uzito wake ni faida, maana bunduki nzito hutulia na teke lake hupungua. Kikomo kipo lakini: bunduki ya upepo ya mita 10 kwenye mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, haitakiwi kuzidi kilo 5.5. Duara la katikati la alama kumi pale lina upana wa nusu milimita, kwa hiyo shavu likikaa vibaya kidogo tu, alama zimekwenda. Namba mbili ni mbao za tabaka zilizogundishwa, mradi sehemu ya shavu irekebishike.

Porini hesabu inageuka. Mwindaji mwenye kibali kule pori la akiba la Rungwa anaweza kufuata nyayo za nyati tangu alfajiri, na nafasi ya kupiga ikawa moja. Alumini hapo ni mzigo, na jua la saa saba huichoma hadi shavu linakataa kuigusa. Chukua faibaglasi: nyepesi, haivimbi, ikigonga mwamba inabaki na mkwaruzo tu. Kwa risasi kubwa kama .375 (kipenyo chake kwa inchi), hakikisha ina mpira mzuri wa begani, la sivyo wepesi huo utaulipia kwa bega. Zinafuata mbao za tabaka, kisha mbao za mjozi (walnut). Mjozi naupenda kuliko vyote kwa macho na kwa mkono, lakini mbao hunywa maji. Mvua za vuli zikiivimbisha hadi ikagusa mtutu, risasi inapiga pembeni na wewe hujui.

Plastiki ya bei rahisi naiweka mwisho. Ukiibana pamoja na mtutu kwa vidole, utaiona inapinda. Iache kwa bunduki ndogo ya .22.

Dukani, hakikisha kwanza bunduki haina risasi. Kunja kiwiko, weka kitako kwenye kunjo la mkono: kidole kifike kwenye triga bila kujivuta. Kisha fumba macho, peleka bunduki begani, fumbua. Jicho lisipokuwa katikati ya darubini, kirudishe, hata kama ni cha faibaglasi. Mwisho pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako, kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikikwama njiani, mtutu unaguswa. Ukishakifunga kwenye bunduki yako, rekebisha upya darubini yake kwa kupiga risasi za majaribio kabla ya kwenda popote, maana kitako kipya huhamisha mahali risasi inapopiga hata skrubu zikikazwa sawasawa.