Boriti ya nyumba: kabla ya kulipa, weka nondo kwenye mizani

Nchini Uganda, kuanzia Nansana hadi Mbale lalamiko ni lile lile: lenta, yaani boriti ya zege inayozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, imepasuka kabla bati halijapanda. Fundi analaumiwa, saruji inalaumiwa, mchanga unalaumiwa. Nondo hakuna anayeziuliza, kwa sababu zimekwisha kufunikwa na zege.

Kutu tuiache. Kutu nyepesi isiyobanduka magamba haidhuru kitu. Swali la kwanza dukani liwe la uzito.

Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.66. Kanuni ni rahisi: zidisha kipenyo kwa chenyewe, gawanya kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Kwa hiyo ya milimita 8 ni kilo 4.74, ya 10 ni kilo 7.4, na ya 16 ni karibu kilo 19. Kiwango cha Uingereza, BS 4449, huruhusu tofauti ya uzito ya asilimia 4.5 tu kwa nondo nene kuliko milimita 8. Sasa pima ile inayoitwa "12" lakini kiini chake ni 11: utapata takribani kilo 9. Milimita moja inasikika kama kitu kidogo, ila imeondoka na asilimia 16 ya chuma, na nguvu ya boriti kubeba mzigo imepungua karibu kwa kiasi hicho hicho.

Kalipa, kile kifaa cha kubania na kupima kipenyo, pekee haitoshi, na hapa hata mafundi wazoefu hukosea. Ukibana juu ya mbavu za nondo, kalipa husoma 12 na muuzaji anatabasamu. Nondo nzima ya 12 inapobanwa juu ya mbavu huzidi 12. Njia ya uhakika ni kukata kipande cha mita 1 na kukipeleka kwenye mizani ya duka la posho: gramu 888, au karibu sana na hapo. Pima na urefu pia. Zipo "mita 12" zinazoishia 11 na kidogo.

Chaguo la kwanza kwa nyumba ya kawaida, basi, ni boriti ya zege yenye nondo za TMT (zenye mbavu, zilizoimarishwa kwa kupozwa ghafla kiwandani), na kwa upande wangu chapa ni Roofings, zinazotoka Namanve. Hata hizo zipime. Kwa lenta ya milimita 200 kwa 200 inayozunguka mita 40, nondo 4 za milimita 12 zinahitaji mita 160. Ukiongeza maungio, pale nondo mbili zinapolaliana kwa milimita 600, na kona, nunua 15. Ringi za milimita 8 zinazofunga nondo hizo, moja kila milimita 200, ni 201. Kila ringi hula kama milimita 780 pamoja na ndoano, nondo moja hutoa 15, kwa hiyo nunua nondo 14 za milimita 8. Ndoano zikunjwe hadi nyuzi 135, ziingie ndani ya zege. Kwa walio Kasese, Bundibugyo na Fort Portal hili si la kujadili: ardhi ya huko ilitikisika vibaya mwaka 1966 na tena 1994, na ringi yenye ndoano ya nyuzi 90 hufunguka zege la nje likibanduka. Maungio yasikutane mahali pamoja. Ya nondo za chini yawe karibu na nguzo, ya juu yawe katikati.

Usikubali nondo zikunjwe katikati ili zienee kwenye gari. Zikifika, fundi huzinyoosha kwa nyundo, na pale palipokunjwa chuma hupata nyufa usizoziona. Afadhali zikatwe mita 6 palepale dukani, ununue 16 badala ya 15.

Nafasi ya pili ni ai-bimu, boriti ya chuma yenye umbo la herufi I, kwa uwazi mpana usiotaka nguzo katikati: mlango wa duka, gereji. Mtego ni jina. "Inchi 8" inaweza kuwa 203 × 133 yenye kilo 25 kwa mita, au IPE 200 yenye kilo 22.4 na upana wa milimita 100 tu. Zote ni nzuri, lakini hazibadilishani kwenye mchoro wa mhandisi, na bei isiwe moja.

Ya tatu ni paipu za mstatili za kuchomelea, zile za mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala. Ya 100 × 50 yenye unene wa milimita 3 na urefu wa mita 6 ina kilo 40 hivi. Ya milimita 2 ina 27. Zinafaa kubeba paa la veranda. Sakafu ya ghorofa haziwezi.

Mbao ni za bei nafuu. Kalitunsi (mkaratusi) mbichi hujipinda ikikauka na mchwa hawaisamehe. Tumia kwa paa, iliyokauka na kutiwa dawa.

Linalouma ni hili: mwenye duka hununua nondo kiwandani kwa tani, wewe anakuuzia kwa idadi. Yeye amelipia uzito, wewe unalipia jina. Kwenye zile nondo 15 za lenta, upungufu wa asilimia 16 ni zaidi ya kilo 25 ulizolipia na hazikufika. Muuzaji akikataa kupima, ondoka. Akikubali, risiti iandikwe chapa, kipenyo, urefu na jumla ya kilo. Kipande ulichopima kitunze pamoja na risiti hiyo: UNBS, shirika la viwango la Uganda, ndiyo yenye dhamana ya viwango na vipimo nchini, na lalamiko lenye chuma mkononi ni gumu kulipuuza.