Mashine ya kupima sukari nyumbani: uliza stripu kwanza, mashine baadaye

Jamani hii naandika kwa wale mlioambiwa hospitali "sukari yako iko juu kidogo ila bado sio kisukari" halafu mkarudishwa nyumbani na maneno matatu, punguza wanga, fanya mazoezi, basi. Na mimi nimo humo. Asubuhi kabla ya kula nilisoma 6.4 kwa kipimo cha mmol. Kuanzia 7.0 ndo kisukari, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanahesabu 6.1 mpaka 6.9 kuwa uko mpakani, Wamarekani wao wanaanzia 5.6 kabisa. Nikaenda Kariakoo nikanunua mashine, jina naliacha kwa sababu ninayosema yanahusu karibu zote.

Mashine yenyewe haina neno. Unachomeka stripu (kile kijikaratasi kigumu cha kupokea damu) inawaka, unajichoma pembeni ya kidole (sio katikati, katikati ndo panauma na ndo unapobonyezea simu kutwa), stripu inavuta damu yenyewe, sekunde chache namba hiyo. Ila hakikisha inasoma kwa mmol kama hospitali zetu, kuna zingine zinakuletea namba za mamia, ukiona 108 usizimie, gawa kwa 18 unapata 6.

Shida iko kwenye stripu. Mashine bei poa kabisa, wanajua watakukamata huko mbele. Stripu za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine, kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize muuzaji hizo stripu huwa zinapatikana muda wote au za msimu, za kwangu ziliwahi kuadimika nikazunguka Msimbazi mpaka miguu inawaka, kila duka "zimeisha dada angu, pitia wiki ijayo". Halafu ukishafungua kopo lina muda wake, mengi ni miezi mitatu mpaka sita, soma kwenye lebo. Na kwa unyevu wa Dar usiache kopo wazi hata kama unapima kidogo tu, wala usiliweke bafuni.

Kuhusu usahihi, hizi mashine zinaruhusiwa kupishana na maabara. Kiwango cha ISO (shirika la viwango la kimataifa) cha 2013 kinakubali tofauti ya asilimia 15 juu au chini sukari ikishafika kama 5.6, yaani wewe ukiwa 8.0 kamili mashine ikikwambia 6.9 au 9.1 bado imefaulu mtihani. So mtu anayelala na furaha kisa jana 6.2 leo 5.9 ajue hizo ni namba moja. Na ndo maana huwezi kujitangazia ugonjwa au kupona kwa kidole, nenda maabara ukapime HbA1c inayoonyesha wastani wa kama miezi mitatu, asilimia 5.7 mpaka 6.4 ndo mpakani.

Na nawa mikono shem! Shemeji yangu alikuja home akamenya embe, akaomba apimwe, ikasoma 13 na ushee, akakaa chini akaanza kuuliza habari za wosia. Tukamwambia kanawe kwa sabuni ujifute vizuri, kidole kingine, 5.8. Ilikuwa sukari ya embe kwenye ngozi.

Sasa kwa nini bado naipenda. Kupima kila asubuhi kwa mtu wa mpakani ni kuunguza stripu, namba haibadiliki kwa siku moja. Mimi napima kwa jozi, kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, na hapo ndo utaona vitu. Chapati mbili na chai ya maziwa ya sukari, 9.8. Chapati moja, maharage ya kutosha, chai kavu, 7.3. Wali wa nazi sahani imejaa na matembele ya kuonjea tu, 10.1, nikarudia siku nyingine sahani ile ile ila nikainuka pale pale nikatembea mpaka stendi na kurudi, 7.9. Nilijua kutembea ni kuzuri ila sikujua ni kuzuri kiasi hicho, misuli ikifanya kazi inajichukulia sukari kwenye damu hata insulini (homoni ya mwili ya kushusha sukari) ikiwa inasuasua. Dona nilikuwa naitegemea sana kumbe haijapishana na sembe kivile, kwangu kilichoshusha namba ni ukubwa wa bonge. Hizo ni za mwili wangu lakini, wako unaweza kukataa.

Wale wanaosema kutembea ni mambo ya wazungu wasio na kazi, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu zaidi ya 3,000 wa mpakani kama sisi, kundi lililolenga kupunguza uzito asilimia 7 na mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, waliomeza metformini, dawa ya kushusha sukari, asilimia 31.

Ambaye simshauri anunue ni mtu wa wasiwasi mwingi, ma'mdogo wangu anapima hadi usiku wa manane, vidole vimekuwa vigumu na chakula kinamshinda kwa woga. Huyo kipimo cha hospitali kinamtosha.

Nyota nne. Moja nimekata kwa ajili ya stripu, na zipu ya kile kifuko cha kubebea mashine nayo, ilikufa mapema mno.